Tuachie Namba, Tutakupigia

Shule ya kwanza tuliyokwenda ilikuwa ya binafsi. Ukutani, kwa herufi za bluu, walikuwa wameandika kwamba kila mtoto ana kipaji chake. Niliyasoma maneno yale nikapata moyo. Kiti mwendo tulikiacha getini kwa sababu uwanja wote ulikuwa kokoto, na mbele ya ofisi kulikuwa na ngazi nne. Nilimbeba mwanangu, mama yake akabeba faili.

Mwalimu wa usaili alikuwa dada mmoja mchangamfu. Aliinama mpaka macho yao yakalingana, jambo ambalo wengi hawalifanyi, akamuuliza kwa Kiingereza jina lake nani. Mwanangu akaanza kujibu. Kwake kujibu ni kazi ya mwili mzima: kichwa kinarudi nyuma, mkono wa kulia unanyanyuka wenyewe, mdomo unafunguka, na mwisho kabisa inatoka sauti ndefu ambayo mgeni hawezi kuitenganisha kuwa maneno. Sauti ile ilipotoka, dada yule alishanigeukia mimi. Nilikuja kuhesabu baadaye, kichwani: hakumsubiri zaidi ya sekunde tatu. Akaandika kwenye fomu. Niliisoma fomu ile ikiwa imenigeukia juu chini: hawezi kujieleza.

"Mtoto ni mzuri sana, baba," akasema. "Na hujafa hujaumbika. Tuachie namba ya simu, tutakupigia."

Hiyo ilikuwa Novemba, miaka miwili iliyopita. Sijapigiwa mpaka leo.

Tangu siku ile nimekwenda shule saba. Hakuna hata moja iliyomkataa mwanangu. Naomba msomaji anielewe hapa, maana hoja yangu yote iko hapa. Katika nchi yetu hakuna mtu anayemkataa mtoto mwenye ulemavu. Tunampokea kwa tabasamu, tunamsifia macho yake, tunampa pole baba yake, tunataja jina la Mungu, kisha tunaomba namba ya simu. Laiti mmoja wao angesema hapana, ningekuwa na kitu cha kupeleka mbele. Lakini huwezi kukata rufaa dhidi ya simu ambayo haikupigwa.

Nyumbani tunamwita Babu, kwa kuwa amerithi jina la baba yangu mzazi. Ana miaka minane. Siku aliyozaliwa mama yake alikaa na uchungu muda mrefu, na mtoto alipotoka hakulia. Walimlazimisha kulia, na alilia, lakini dakika zile zilikuwa zimeshafanya kazi yake. Ubongo ulikosa hewa, na sehemu inayoongoza misuli ikaumia. Madaktari huita mtindio wa ubongo. Wengine huupata kwa manjano kali ya uchangani, wengine kwa homa ya uti wa mgongo. Jeraha lenyewe haliongezeki kadiri mtoto anavyokua, haliambukizi, na halikutumwa na jirani.

Watu wanaelewa haraka kwamba miguu ya Babu haimtii. Wanachoshindwa kuelewa ni kwamba ulimi nao ni msuli. Midomo ni misuli, koo ni misuli, pumzi ya kusukuma neno inaongozwa na misuli. Mtoto ambaye mguu wake haukunyooka alipotaka unyooke, kwa nini tushangae ulimi wake ukikataa pia? Lakini hapo ndipo akili zetu zinapofanya ajali. Mguu ukigoma tunasema mguu una shida. Ulimi ukigoma tunasema mtoto hana akili.

Wako watoto wenye mtindio wa ubongo ambao wana ulemavu wa akili pia, na sitaki kumpandisha mwanangu kwa kuwakanyaga wao. Nao wana haki ya shule, tena shule nzuri. Ninachopinga ni kipimo. Hatuwezi kupima akili ya mtu kwa kutumia kiungo ambacho tayari tunajua kimeumia.

Aliyegundua kwamba Babu anatuelewa wote ni bibi yake, mama yangu, mwanamke aliyeishia darasa la nne. Alikuwa anaona macho. Ukimuuliza kama anataka uji, anatazama juu. Ukimuuliza kama ameshiba wakati hajashiba, anayafumba kwa nguvu kama mtu aliyeingiwa na mchanga. Tukafanya hivyo kuwa makubaliano: kutazama juu ni ndiyo, kufumba ni hapana. Kisha nikakata ubavu wa boksi la mafuta ya kupikia, nikaandika herufi zote 24 za Kiswahili kwa mistari mitano. Mimi nataja mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka anatazama juu. Halafu nataja herufi za mstari huo moja moja. Neno la herufi tano huchukua dakika moja na nusu, siku akiwa amechoka hufika dakika tatu.

Mimi ni mtu wa Simba, na nyumba nzima inajua. Jioni ya siku ya watani, Babu akiwa na miaka sita, nilimuuliza kwa utani nani atashinda. Akachagua Y. Nikadhani amekosea mstari. Akachagua A, kisha N. Mjomba wake alianza kucheka kabla sijafika kwenye G. Ndivyo nilivyojua kwamba mwanangu anasoma, anaandika, ana maoni yake, na kwamba ameamua kunipinga ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Sijawahi kufurahia usaliti kama ule.

Njia hii si miujiza yetu ya uswahilini. Mwaka 1971, mjini Toronto, Kanada, walimu wa kituo kimoja cha watoto wenye ulemavu wa viungo walichukua alama za michoro zilizobuniwa na mtu aitwaye Charles Bliss, aliyezichapisha mwaka 1949 kwa lengo tofauti kabisa, wakawapa watoto wasiosema wawe wanazionyesha. Watoto waliodhaniwa hawana cha kusema wakaanza kusema. Zaidi ya miaka 50 imepita. Leo wenye fedha wana kompyuta zinazofuata mboni za macho na kutamka maneno. Sisi tuna boksi la mafuta, na linafanya kazi. Gharama yake kubwa ni subira ya mtu wa upande wa pili.

Tulipotoka kwenye ile shule ya binafsi tulikwenda ya serikali, iliyo karibu na kwetu. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa haki. Alinionyesha darasa la kwanza: watoto zaidi ya mia moja, wengine sakafuni, mwalimu mmoja. Alinionyesha choo cha shimo chenye mlango mwembamba. Akasema, "Mwalimu mwenzangu, wewe mwenyewe unaona. Nikimchukua nitakuwa nimemwonea." Akanielekeza kwenye shule nyingine yenye kitengo cha elimu maalumu.

Kitengo kilikuwa upande wa pili wa jiji, bajaji kwenda na kurudi shilingi 16,000 kwa siku. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na ni jambo jema, lakini mtoto asiyeweza kupanda daladala hulipa ada yake barabarani. Tulikwenda wiki tatu. Kilikuwa chumba kimoja cha watoto wenye ulemavu wa akili, wadogo wa miaka sita na wakubwa wa miaka 15 pamoja, na walimu wawili wenye moyo ambao sitawasema vibaya. Waliwafundisha watoto kufunga vifungo, kunawa mikono, kutunga shanga. Kwa watoto wale lilikuwa somo la maana. Babu, ambaye vidole vyake havishiki ushanga lakini macho yake yanasoma magazeti, alikaa wiki tatu akitazama kamba. Niliwapelekea lile boksi. Mwalimu mmoja aliniambia kwa upole, "Baba, hapa hatufundishi kusoma. Wanaosoma wako kule madarasani." Kule madarasani walishaniambia wasiosema wako hapa.

Ya nne ilikuwa shule maalumu ya bweni, mkoa mwingine. Wanapokea watoto wenye ulemavu wa viungo, wana njia za mteremko na vyoo vipana. Sharti moja kwenye fomu: mtoto awe anaweza kujihudumia mwenyewe chooni. Nilirudia kuisoma sentensi ile. Shule ya watoto ambao viungo vyao haviwatii, na sharti la kuingia ni viungo kutii. Pale napo nikaambiwa niache namba.

Tatu zilizobaki sitazieleza, maana zilikuwa marudio.

Sasa niseme jambo ambalo nimelikwepa tangu mwanzo. Mimi ni mwalimu. Miaka kumi iliyopita, kabla Babu hajazaliwa, nilikuwa mwalimu wa taaluma katika shule moja ya sekondari ya binafsi, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kupokea wanafunzi wapya. Siku moja alikuja mama na binti yake anayetembea kwa magongo. Binti alisema salamu yake kwa shida, maneno yakivutana, lakini alisema. Alikuwa na matokeo yake ya darasa la saba kwenye bahasha ya kaki, na yalikuwa mazuri kuliko ya wengi niliowapokea wiki ile. Niliangalia bahasha, nikaangalia magongo, nikakumbuka kwamba maabara iko ghorofani. Nikawaza pia, niseme ukweli, wastani wa ufaulu wa shule na picha za kwenye kalenda yetu. Nikamwambia mama yule, "Tuachie namba, tutakupigia." Akanitajia namba tarakimu moja moja, polepole, nisije nikakosea. Niliiandika pembeni ya kalenda ya mezani. Mwezi ulipoisha nikachana ukurasa.

Sikuwa na chuki naye. Ningeulizwa jioni ile kama nimebagua mtu, ningeapa sikubagua. Nilijiona mstaarabu, mtu aliyeepusha aibu ya pande zote mbili. Ndiyo maana leo, ninapokaa kwenye kiti cha yule mama, siwezi kuwaita walimu hawa wakatili. Nawajua. Najua kinachopita kichwani mwao katika zile sekunde tatu, kwa sababu kilipita kichwani mwangu. Na kwa kuwa nakijua, nasema bila kumung'unya: huo ni ubaguzi. Adabu haiubadilishi jina.

Tuna sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Kifungu chake cha 27 kinampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa na wenzake ya kupokelewa katika shule ya umma au ya binafsi. Kinasema pia kwamba akiwa kwenye shule ya kawaida apewe msaada unaohitajika, kutoka kwa mwalimu mwenye ujuzi au aliyepangiwa kazi hiyo. Niliposoma hapo nilimwita mke wangu aje asikie. Kisha nikaendelea kusoma. Kifungu hichohicho kinasema mtoto atasoma shule ya kawaida, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu.

Mawasiliano maalumu. Nadhani waliotunga walikuwa wanawafikiria viziwi. Hapo nawaelewa. Lugha ya alama ni lugha, na lugha inataka watu wa kuizungumza nayo. Mtoto kiziwi aliye peke yake katikati ya watoto mia wanaosikia anaweza kuwa mpweke kuliko aliye kwenye shule ya viziwi wenzake. Viziwi wenyewe wana mengi ya kusema juu ya hilo na si kazi yangu kuwasemea. Lakini Babu hana lugha nyingine. Lugha yake ni Kiswahili, kilekile cha darasani. Anakisikia, anakielewa, anakisoma. Kinachokosekana ni mlango wa kutokea, na mlango huo ni ubao wa herufi na mtu wa kusubiri. Kumtoa mtoto wa Kiswahili kwenye darasa la Kiswahili kwa sababu anajibu kwa macho ni kuifanya "isipokuwa" imeze sheria nzima.

Tena sisi tulishasaini makubwa zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu chake cha 2 kinahesabu njia mbadala za mawasiliano kuwa mawasiliano, sawa na maandishi na lugha. Kifungu cha 24 kinazitaka nchi zijenge elimu jumuishi. Mwaka 2016 kamati inayousimamia mkataba huo ilitoa ufafanuzi ambao ningependa ubandikwe kwenye kila ofisi ya elimu. Unatofautisha mambo manne tunayoyachanganya: kumzuia mtoto asisome kabisa, kumsomesha pembeni, mbali na wenzake, kumwingiza darasani na kumwacha ajikunje mpaka aenee kwenye mfumo uliopo, na kuubadili mfumo wenyewe ili umpokee. La mwisho pekee ndilo ujumuishi. Kitengo kilicho nyuma ya jengo, kikitazamana na choo, si ujumuishi hata kama kibao cha getini kinasema hivyo.

Nikieleza haya kwa marafiki, hujibiwa mambo matatu.

La kwanza: walimu wamezidiwa. Kweli. Nimefundisha darasa la watoto 90 na nilirudi nyumbani sina sauti. Katika mafunzo yangu ya ualimu elimu maalumu ilikuwa mada moja iliyopita haraka kuelekea mtihani. Tuna Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, lakini mwalimu wa shule ya kawaida hawezi kuwasubiri wao wamfikie. Ila tuiangalie hoja hii vizuri. Darasa la watoto 120 linawaonea wote 120. Kwa nini mzigo ukizidi, wa kwanza kutupwa majini awe mwanangu? Hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kusema darasa limejaa, kwa hiyo mwaka huu hatuchukui watoto warefu.

La pili: watoto watamcheka. Watamcheka, ndiyo. Watoto wa mtaani kwetu walimcheka kwa wiki mbili, kisha wakazoea, kisha wakaanza kugombania nani amsukume. Wanaoendelea kumshangaa ni watu wazima waliokua bila kukaa dawati moja na mtu kama yeye. Ukimficha mtoto ili asichekwe, unafuga wachekaji wa kesho.

La tatu linatoka kwa watu wema, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hunitumia picha za Stephen Hawking. Hunikumbusha Christy Brown, mwandishi wa Dublin aliyezaliwa mwaka 1932 na mtindio wa ubongo, aliyeandika kwa mguu wake wa kushoto na kuchapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1954. Usikate tamaa, huniambia, huenda naye ni fikra kubwa. Nawashukuru. Lakini tazameni mnachokisema. Mtoto wa jirani yangu anaandikishwa darasa la kwanza kwa cheti cha kuzaliwa. Wa kwangu aandikishwe kwa ahadi ya kuwa Hawking? Babu anaweza kuwa mtoto wa kawaida kabisa, wa katikati ya darasa, anayechukia hesabu za kugawanya. Nadai haki yake ya kuwa wa kawaida.

Kilichobadilisha mambo, kwa kiasi kilichobadilika, ni karatasi. Januari mwaka huu nilirudi kwenye ile shule ya serikali ya jirani nikiwa na barua, nakala mbili. Ilikuwa fupi. Naomba nafasi ya darasa la kwanza kwa mwanangu. Iwapo haiwezekani, naomba nielezwe sababu kwa maandishi, ili niziwasilishe kwa Afisa Elimu. Naomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mwalimu mkuu aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akaisoma tena.

"Mwalimu mwenzangu," akasema, "mbona unanipeleka mbali?"

"Sikupeleki popote, mkuu. Nataka jibu tu. Likiwa ndiyo, sawa. Likiwa hapana, sawa, ila liandikwe."

Akakaa kimya. Hapana ya mdomo haina uzito, unaisema ukiwa unanywa chai. Hapana yenye muhuri ni kitu kingine, ina jina lako chini. Akamwita mwalimu wa darasa la kwanza, wakanong'ona. Wakasema watamchukua kwa majaribio. Katika watoto wote walioandikishwa mwaka huu, ni yeye peke yake aliyeingia kwa majaribio. Nikasaini.

Sitaki mtu aone huu ni ushindi. Babu anakwenda siku tatu kwa wiki, kwa sababu msaidizi wake wa darasa hawezi zaidi ya hapo. Msaidizi huyo ni mama yangu. Ana miaka 63 na magoti mabovu. Anakaa chini ya mwarobaini nje ya darasa kuanzia saa mbili hadi saa sita, akisubiri kuitwa mtoto anapotaka kwenda haja. Kiti hakipiti mlango wa choo, kwa hiyo humbeba. Hakuna anayemlipa, na hayumo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Siku magoti yake yakikataa, elimu jumuishi katika shule ile itakuwa imeisha.

Lakini mwalimu wa darasa alininyang'anya lile boksi akanakili herufi kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani, karibu na dirisha anapokaa Babu. Anapouliza swali humwachia nafasi, anaendelea na wengine, kisha anamrudia. Hakuongezewa mshahara wala semina. Na mtoto anayekaa naye dawati moja, kijana mdogo asiyetulia, ameshika mistari yote mitano kwa kichwa, anaitaja haraka kuliko mimi. Juzi wawili wale waliangua kicheko katikati ya somo, na walipoulizwa, yule kijana akakataa kusema na Babu akafumba macho. Bibi, aliyekuwa anachungulia dirishani, anadai walikuwa wanaandika jina la utani la mwalimu.

Ninachodai hakihitaji fedha za wafadhili kuanza. Usaili wa mtoto wa darasa la kwanza usifanywe kwa mdomo peke yake. Kama hasemi, mzazi aulizwe huwa anajibu vipi, na asubiriwe. Msaidizi wa mtoto anayehitaji msaada awe mtumishi anayelipwa, asiwe bibi chini ya mti. Choo kimoja tu, katika kila shule, kiwe na mlango ambao kiti kinapita. Tofauti ya mlango mpana na mwembamba ni tofali chache, na fundi huambiwa siku ya kuchora msingi. Neno "isipokuwa" kwenye kifungu cha 27 liandikwe upya, lisiwe kichaka. Na kila shule inayomrudisha mtoto iandike kwamba imemrudisha, na kwa nini.

Nawaandikia ninyi mnaosoma hapa kwa sababu wengi wenu mko karibu na meza hizo. Kuna atakayekuwa mwalimu wa taaluma mwaka ujao. Kuna atakayechora ramani ya shule, atakayekaa halmashauri kupitisha bajeti, atakayefungua shule ya binafsi na kuchagua maneno ya kuandika ukutani. Na wengine mtazaa, na mtoto atachelewa kulia. Siku mzazi akija mbele yenu na mtoto anayejibu polepole, subirini mpaka amalize. Kama mtamkataa, mkataeni kwa kalamu, na majina yenu chini.

Nanyi mlio upande wangu wa meza, msiache namba. Ombeni muhuri.

Namba ya yule mama wa binti mwenye magongo ilianza na 0754. Zilizofuata sizikumbuki.